Mama Penseli na Bei Kamili ya Rafuni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwenzetu tunayemwita Mama Penseli anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kupanga rafu za duka letu. Jarida letu la wafanyakazi linakwenda kuchapwa Alhamisi, nami naandika nikikaa na kusimama, maana jambo lake kubwa bado halijaamuliwa.

Alianzia rafu ya sabuni. Lebo zetu huonyesha bei bila kodi ya mauzo. Kodi mteja huikuta kwa keshia, na keshia ni mimi. Mwaka wake wa pili alimwona bibi mmoja akirudisha sabuni kaunta, foleni nzima ikimkodolea macho, kwa sababu jumla ilizidi hela aliyoishika mkononi. Kesho yake alikuja na penseli sikioni. Chini ya kila lebo akaandika bei kamili, na tangu hapo hakutulia. Hata chai aliinywa akitembea.

Meneja alimkanya kwamba bei kubwa rafuni itawakimbizia wateja wetu kwa jirani. Alijibu kwamba anayekimbia rafuni atarudi kesho, ila anayeaibika kwa keshia harudi. Alipewa barua mbili za onyo. Alizisoma, akazikunja, akaendelea kuandika.

Tusimpambe kupita kiasi. Siku moja aliongeza kodi kwenye unga, ambao hautozwi kodi. Kufikia mchana unga ulikuwa umedoda, nasi tukacheka mpaka machozi. Yeye alisimama mlangoni mpaka tulipofunga, akimwomba radhi kila aliyeingia, hata waliofuata kiberiti tu.

Wiki iliyopita meneja alikubali kulipeleka suala la lebo kwenye kikao cha wakurugenzi. Kikao ni Jumatatu. Mama Penseli atakuwa nyumbani na wajukuu, na ninavyomjua, hatatulia. Mimi pia sina raha. Naiogopa ile foleni bila maandishi yake. Naogopa macho ya mtu anayechagua kipi arudishe.

Mama, asante kwa miguu yako na kwa ukaidi wako. Mungu akupe siku nyingi, na kiti utakachokubali kukikalia. Jumanne njoo dukani kama mteja, uitazame rafu ya sabuni. Kikao kikikubali, utakuta lebo mpya. Kikikataa, utakuta bei kamili kwa penseli, tena zimeandikwa vibaya, maana mwandiko wangu unaujua.