Mashine ya Labo Imewaka

Basi la Mahagi-Port lilikuwa bado Bunia, injini ikinguruma, na dereva alikuwa akipaza sauti tangu asubuhi: "Tunaenda! Tuko tayari!" Ndani, Mama Scholastique akamsikia kijana aliyekaa pembeni yake akisema kwenye simu, "Mashine ya labo ya Mahagi-Port imewaka. Muite wagonjwa."

Dada yake alikuwa akingojea majibu ya damu kwenye labo hiyohiyo ya hospitali. "Umejua namna gani, na weye uko huku?" akamuuliza.

"Mama, ndani ya ordinateri, ile kompyuta moja kubwa, tunawasha zingine ndogo, hazishikiki na mukono. Niko naziona mu simu. Ya labo ni moja yao, inaonyesha taa ya kijani."

"Hata jana taa iliwaka. Dada yangu alikaa pale mpaka jioni, majibu haikutoka. Weye uliiuliza kitu, ikakuitika?"

Kijana akaficha simu mfukoni, jambo ambalo halikumsaidia.

"Kama inawaka, iko tayari. Mama, hauamini mutu?"

"Naamini mwenye ananiitika."

Kijana akafungua mdomo amjibu. Dereva naye akazima injini, akashuka kwenda kutafuta chai.