Ule Mlango Mdogo wa Kiwanda cha Tumbaku

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu nje ya kinyozi, hapo mjini Durham, na chupa moja ya kahawa. Wenye kijiwe ni wazee watatu: Otha Pettiford, wanayemwita Shemasi; Profesa, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini; na Sukari, ambaye daktari amemkataza sukari na bado anatia vijiko vinne. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanda cha zamani cha tumbaku, matofali mekundu ghorofa nne, sasa kinageuzwa nyumba za kupangisha. Asubuhi hiyo mafundi walikuwa wamerundika matofali mapya kando ya ule mlango mdogo wa ubavuni, tayari kuuziba. Shemasi hakutaka kuutazama, lakini macho hayana adabu, yalirudi pale pale.

— Mnajua ulikuwa wa nini ule? Profesa akaanza. Wa hawara wa tajiri! Mke anaingilia mlango mkubwa, hawara huku.

— Hawara gani apite mlango wa kuinama? Sukari akadakia. Ule wa pombe, bwana. Enzi za marufuku, mapipa yalipita pale yamefunikwa tumbaku.

— Mwongo wewe!

— Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Sasa hapo kinaelea nini?

— Basi, nafunga mdomo.

— Hujawahi kuufunga tangu uzaliwe! Sikilizeni: kuna handaki mle, linakwenda mpaka chini ya benki. Dhahabu ilipita pale. Shemasi, unasemaje?

— Tembo, Shemasi akasema. Sarakasi ilipokuja mjini, mtoto wa tembo alilazwa mle.

Wakacheka mpaka Sukari akamwaga kahawa. Shemasi alicheka kwa sauti kuliko wote.

Wakiwa katika kucheka akaja binti mmoja, kofia ngumu ya ujenzi kichwani, karatasi mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asanteni. Naitwa Renita, natoka ofisi ya majengo ya kale. Mlango ule unazibwa saa sita. Nikipata jina la mtu mmoja tu aliyekuwa akipita pale, na mtu anayemkumbuka, naweza kuuzuia usizibwe.

Profesa akakohoa.

— Mambo ya zamani hayo, mwanangu.

— Nasikia walikuwa akina mama zetu weusi, waliochambua tumbaku mle ndani. Ninyi ni wa hapa hapa. Mama zenu walifanya kazi wapi?

Miaka sitini na zaidi walikuwa wakiambiana kwamba mama yake Profesa alikuwa muuguzi, wa Sukari mshonaji, wa Shemasi mwalimu. Na nyumba zote tatu zilinuka tumbaku ile ile.

Shemasi akamwona tena akilini mama yake, Ozella, akitoka mlango ule ameinama, kitambaa kichwani, vumbi la tumbaku mpaka kwenye kope. Yeye ana miaka kumi na miwili, amesimama hapa hapa na wenzake wa shule. Mama akampungia mkono. Yeye akageuka, akajifanya anatazama dirisha la kinyozi. Kesho yake mama akaanza kuzungukia barabara ya nyuma, na hakuwahi kulitaja jambo hilo mpaka anazikwa. Aibu ikampanda Shemasi usoni, mzee mzima, kana kwamba ni jana.

— Mwalimu, akasema. Mama yangu alikuwa mwalimu.

Hakuna aliyemtania. Profesa na Sukari, wanaotania hata maiti, waliinamia vikombe vyao.

Renita akaandika. Shemasi alisoma kutoka alipokaa: Waliopita, hawajulikani. Binti akashukuru, akaanza kuondoka.

— Binti! Shemasi akaita. Alikuwa ameshasimama, mkono umeshika benchi.

— Naam, mzee?

Jina lilikuwa limefika kwenye meno. Renita alingoja, kalamu mkononi. Ng'ambo, fundi alikuwa anakoroga saruji.

— Angalia magari hapo unapovuka.