Pindo la Sketi ya Hope: Maisha ya Aika Abdiel, 1960–1997

Aika Abdiel, mama Hope, alizaliwa Akheri, Meru, tarehe 3 Mei 1960, mtoto wa pili wa marehemu mzee Abdiel na mama Kaanaeli. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Akheri mwaka 1974. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Kushona alifundishwa na akina mama wa usharika. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Ludovick, wakapanga nyumba Kwa Mrombo, Arusha, wakajaliwa Hope na Evelyn. Ludovick aliuza mitumba, na Aika alikuwa akimtania kwamba anampikia mtu aliyemuulia kazi. Mafundi wengi walipofunga vyerehani, yeye akashika sare za shule. Sare zake zilijulikana kwa pindo refu, la kufumuliwa mtoto anapokua. Mzazi akitaka sketi ya kumkaa mtoto sawasawa, alijibiwa kwamba hapa anashonewa mtoto, si kiti.

Ludovick alifariki mwaka 1994. Aika alianza kuugua Februari mwaka huu. Hospitali walimwambia ni UKIMWI, naye aliomba leo litajwe hivyo, lisizungukwe.

Dada yake Tekla, aliyeandika haya, hawezi kuruka yanayofuata. Alikuwa na watoto wake nyumbani, akaogopa kugusa mashuka ya mdogo wake. Akasema kwa desturi yetu binti wa kwanza ndiye humuuguza mama, na ukoo ukakubali. Hope, aliyekuwa wa tatu darasani, akabaki kufua na kupika uji. Mwalimu aliambiwa mtoto ana malaria, wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa miezi saba. Juni alikwenda kufanya mtihani wa muhula, akawa wa hamsini na mbili. Ule wa kumaliza darasa la saba hakuufanya kabisa. Mama yake, kila alipouliza, aliambiwa shule imefungwa.

Mwisho wa Septemba Aika alisikia watoto dirishani, akajiinua.

“Hope, shule imefungwa, mbona watoto wanapita na mifagio ya shule?”

Mtoto akalia, akasema yote. Aika akamwita Tekla. Hakumgombeza.

“Dada, mimi nakufa hata huyu akikaa hapa. Mrudishe.”

Tangu siku hiyo Tekla aliyafua mashuka mwenyewe, na hakudhurika. Angeweza kuyafua tangu Februari.

Mwalimu mkuu amekubali Hope arudie darasa la saba. Aika aliposikia, aliomba sketi ya mtoto, akalifumua pindo kwa mkono, amelala, siku tatu. Alifariki Jumanne tarehe 2 Desemba 1997, saa nne asubuhi.

Ameacha mama yake, dada yake, na mabinti wawili, Hope wa miaka kumi na tatu na Evelyn wa minane.

Shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 12 Januari. Mkimwona Hope barabarani, sketi yake ina mstari pale pindo lilipokuwa. Asiulizwe, wala asitumwe popote. Aachwe apite.

Mama Hope apumzike sasa. Mtoto hatachelewa.