Mwanamume wa Nyumba ya Kuzalia

Mwaka 1956, katika kamio, lori ya mizigo iliyotoka Baraka kwenda Fizi, nilikaa juu ya magunia ya pamba nyuma ya bamama wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa anaenda kumposea mwanawe.

“Wakati wa vita ya Badachi, bale Bajerumani,” alimwambia mwenzake, “baaskari balitafuta bapagazi. Mama akamuvika baba kitambaa, akamulaza katika nyumba ya kuzalia, akasema: humu mwanamuke anazaa. Bakaogopa kuingia.”

“Bwana wangu angekoroma tu, bangemujua!” Mwenzake alicheka, na mimi niliyejifanya nasinzia nikauma kidole.

“Pa nafasi yake bakabeba jirani yetu, Wilondja. Hakurudi. Na leo ninaposa mujukuu wa Wilondja.”

Kicheko kikaisha. “Nyamaza, dada.”

“Mbele ya posa batataja marehemu ba pande zote. Mwenye kuficha neno pale, bajukuu bake habaishi.”

“Na ukisema, batakufukuza.”

Kamio ikasimama. Kizee mmoja wa kike akaja mbio, akamnyooshea mikono yule mama wa posa. “Shuka, mwanangu! Siku bwana wangu Wilondja alibebwa, mama yako alilia kunishinda mimi.”