Fundi Ollerenshaw na Saa Isiyotaka Wageni

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2014, king'ora cha saa kumi jioni kitakapolia, Bwana Clive Ollerenshaw, fundi mkuu wa matanuri, atatundika ovaroli yake kwa mara ya mwisho baada ya kukitumikia Kiwanda cha Biskuti cha Pagden kwa miaka arobaini na mmoja. Mwenyewe alipoiona rasimu ya makala haya alinisahihisha: ni miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku nne. Haya, nimeandika, nisije nikaitwa karakana kuelezwa upya.

Aliingia hapa Jumatatu moja ya Juni 1973 akiwa kijana wa kupaka mashine mafuta. Mimi nilimkuta mwaka 1981 nilipoajiriwa ofisi ya usafirishaji, na hata wakati huo alikuwa mtu wa maneno machache. Tanuri la tatu, lile linalowasumbua mafundi wote, lilimtii yeye peke yake. Alikuwa akisimama kando yake mikono mfukoni, anasikiliza, kisha anasema, “Beringi ya nyuma,” na kuondoka. Ukifungua unakuta ni beringi ya nyuma kweli.

Wanawake wa ufungashaji wanamkumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1994 aligundua kwamba king'ora cha mapumziko ya chai kinachelewa kulia kwa sekunde arobaini, wakati kile cha kurudi kazini kinalia kwa wakati wake. Akapanda ghorofani kwa meneja, akiwa na karatasi mkononi, akaeleza kwamba wafanyakazi mia mbili wanapunjwa sekunde arobaini za chai kila siku. Meneja akacheka. Clive hakucheka. King'ora kilirekebishwa siku hiyohiyo, na kwa mwezi mzima Clive hakununua chai yake mwenyewe kantini.

Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara nne. Zote aliziripoti mwenyewe, hadi na sekunde zake, na mara moja alimwambia mlinzi wa getini, “Saa yako ndiyo iliyowahi, lakini na mimi nimechelewa.” Mlinzi hajui hadi leo kama alitukanwa.

Sasa nifike kwenye saa, maana bila saa huyu mtu hasimuliki.

Ukutani katika sebule yake ya mbele, nyumba namba 17 Mtaa wa Inkerman, Clive ana saa ya pendulamu aliyoitengeneza kwa mikono yake mwaka 1986. Usifikirie pambo. Haina nakshi wala ndege wa kuchungulia. Ina ufito mrefu wa chuma kisichotanuka kwa joto, wenye uzito mnene chini kama mkebe wa maharage, unabembea kushoto sekunde moja, kulia sekunde moja, ndani ya sanduku la kioo. Kompyuta kuukuu inaulinganisha mwendo huo na ishara ya saa ya redio na kuuchora kwenye chati. Saa ikienda sawasawa, mstari wa chati unanyooka. Ikiyumba hata kwa sehemu ya mia ya sekunde, mstari unapata kijikilima.

Lengo lake lilikuwa moja tu: saa iende siku mia bila kupotea hata sekunde moja. Wenzake katika chama cha wapenda saa za pendulamu, watu kumi na tisa wanaokutana kwenye ukumbi wa kanisa kule Buxton, nao wanalifukuzia lengo hilohilo, kila mmoja sebuleni kwake. Wana kanuni moja wanayoishika kama amri ya Mungu: badilisha kitu kimoja, kiandike, kisha subiri. Clive alikuwa akiweka kijiuzito chembamba kama ukucha juu ya pendulamu, halafu anangoja wiki tatu aone saa imesema nini. Wiki tatu! Mimi nikiweka kuku kwenye oveni nafungua mlango kila baada ya dakika tano.

Nyumba yenye saa ya namna hiyo ina sheria zake. Viatu vinabaki ukumbini. Unatembea kwa kunyata. Mlango haubamizwi, na kiti kando ya meko hakikaliwi, kwa sababu boriti za sakafu zimeshikana na ukuta ule ule wenye saa. Tulimtania sana. Gareth Binns wa stoo alisema ukitaka kupiga chafya kwa Clive lazima uandike barua ya maombi. Ilikuwa utani, lakini taratibu watu wakaacha kwenda. Nani anataka kunywa chai ameshika pumzi?

Aliyezivunja sheria hizo kila siku ya Mungu alikuwa mkewe, Olwen. Waliomfahamu wanajua. Mwanamke wa Wales, mnene, mwenye sauti, aliyeimba akiosha vyombo. Saa tisa alasiri alikuwa anaingia sebuleni na kikombe chake, anawasha hita, anajibwaga kwenye kiti kile kile cha kando ya meko na kufungulia redio. “Clive, mpenzi, mimi nina miguu, saa yako haina,” alimwambia mbele yangu. “Mwenye miguu ndiye anayehitaji kiti.” Na kila alipokaa, mstari wa chati ulipata kijikilima. Clive hakugombana naye. Alichukua penseli nyekundu na kuandika juu ya kilima hicho herufi O, ya Olwen, ili ajue kosa limetoka wapi.

Februari 2012 Olwen alilazwa hospitali. Wiki ile Clive alirudi nyumbani kila jioni bila kujua mikono yake aiweke wapi, basi akaiweka kwenye saa. Hewa ikiwa nzito pendulamu huchelewa kidogo, na kwa miaka alikuwa amepanga kuifungia vikopo viwili vidogo vya bati, vya kusinyaa na kufutuka pamoja na hewa, ili visahihishe kosa hilo. Akavifunga. Aliandika tarehe kwenye daftari. Olwen alifariki tarehe 9 Machi.

Tulikwenda maziko, tukala sandwichi, tukamwambia Clive akihitaji chochote atuambie. Hakutuambia chochote, nasi tukashukuru. Naliandika hili katika jarida la kiwanda makusudi. Ninapita Mtaa wa Inkerman kila siku nikienda nyumbani, na kwa miaka miwili niliiona taa ya sebule ile inawaka nikapita. Nilijiambia sitaki kumtikisia saa yake.

Lakini saa, jamani, saa ilikwenda! Mstari ulinyooka kama uzi uliovutwa. Siku mia zikapita, ikawa imepotea nusu sekunde. Mia nyingine, vivyo hivyo. Kwa miaka miwili iliendelea hivyo, na Aprili mwaka huu chama kilimwalika Clive aeleze mbele ya wote jinsi vikopo vyake vya bati vilivyofanya kazi. Gari lake lilikuwa gereji. Akaja ofisini kwangu akasimama mlangoni, akaniuliza kama Jumamosi ninakwenda popote. Nilikuwa siendi popote. Nikampeleka Buxton.

Alieleza vizuri. Alionyesha chati, watu wakasogea mbele na miwani yao, wengine wakapiga makofi. Kisha Bi Hester Quayle, mwalimu mstaafu wa fizikia, akanyanyua mkono na kuuliza lile swali ambalo watu hawa huulizana siku zote, kama sisi tunavyoulizana habari za mvua. “Hongera, Clive. Na mbali na vikopo, nini kingine kilibadilika ndani ya nyumba mwezi ule?”

Clive akatazama daftari lake. “Hakuna,” akasema.

Tukapewa chai na keki, tukaondoka. Tulikuwa tumeshuka mlima, mvua inapiga kioo, alipoanza kuongea akitazama mbele. “Noreen, nimemdanganya yule mama.” Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Kuna kitu kilibadilika. Sikukiandika.”

Niliegesha gari kando ya barabara kwa sababu nilikuwa sioni, na si kwa ajili ya mvua.

Fundi ni fundi lakini. Wiki iliyofuata alivifungua vile vikopo vya bati akaviweka kabatini, kitu kimoja tu, akasubiri wiki tatu. Mstari ukapanda na kushuka kidogo pamoja na hali ya hewa, lakini vilima vya saa tisa alasiri, vile vikubwa vilivyomnyima ushindi miaka ishirini na sita, havikurudi. Basi akakiandikia chama barua ya kusahihisha maelezo yake. Nimeiona. Inasema hivi: “Sababu kubwa ya usahihi si vikopo. Nyumba haina mtu.” Na sahihi yake chini.

Mei nilikwenda kumwona. Niliinama ukumbini kuvua viatu kama zamani, akaniambia, “Ingia navyo.” Mezani alikuwa ametandaza chati zote, tangu mwaka 1986, na alikuwa akizisoma upya. Hakuwa akiangalia mstari. Alikuwa akiangalia zile herufi nyekundu. “Hapa aliingia saa tisa na dakika mbili,” aliniambia. “Hapa alikaa saa nzima, palikuwa na mchezo wa redio. Hapa hakuja siku nne, alikwenda kwa dada yake Bangor.” Alikuwa na karatasi za miaka ishirini na sita za mke wake kuingia chumbani na kukaa chini, na zote alikuwa ameziandika kama makosa. Nilikaa kwenye kiti cha kando ya meko, kwa uzito wangu wote, ambao si haba, na nikawasha hita.

Sasa kuhusu zawadi. Mila ya kiwanda hiki ni kumpa mstaafu saa. Gareth Binns, Mungu amsamehe, alikwisha kununua moja ya betri, ya plastiki, yenye picha ya biskuti. Nimempokonya. Badala yake kamati imemnunulia Clive birika la chai la vikombe kumi, kwa kuwa nililoliona jikoni kwake linatoa kikombe kimoja. Kwenye ubao wa kantini nimebandika orodha ya Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa zamu na kwa ruhusa ya meneja, na hadi ninapoandika majina kumi na manne yamejazwa, wakiwemo watatu wa ufungashaji ambao hawajasahau sekunde arobaini zao. Mjue kwamba viatu vinaruhusiwa.

Clive, umetufanyia kazi miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku nne, na tunakushukuru kwa kila tanuri lililowaka na kila beringi uliyoisikia kabla yetu. Tunakushukuru pia kwa kutotulaumu. Wengine wangekutakia saa yako iendelee kwenda sawasawa. Sisi, tunaokupenda, tunaitakia kila la shari: milango ibamizwe, sakafu ilie, hita iungurume mchana kutwa, na mstari wako usinyooke tena maisha.

Chonga penseli. Mimi ni Jumanne ya kwanza, tarehe mbili Septemba. Ukiona kilima, andika N.

Noreen Tattersall, Ofisi ya Usafirishaji