Bi Rawiya Khalil, Mkunga Aliyekataa Kupima kwa Macho

Bi Rawiya Khalil anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya ukunga, yote katika kituo chetu cha mama na mtoto hapa Mji Mkongwe. Wakubwa walijaribu mara mbili kumhamisha. Mara zote mbili kina mama walikwenda wenyewe ofisini kumgombania, na ofisi ikasalimu amri.

Wenzake wameniomba mimi niandike wasifu huu, kwa kuwa nilikuwa daktari msimamizi wa kituo siku alipoanza kazi, na kwa miaka mingi baadaye. Nimekubali siku hiyo hiyo. Umri nilio nao na maradhi yanayonilaza yamenifunza kutoahirisha jambo.

Alitoka Bwejuu, msichana mrefu, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilipomwita mara ya kwanza aliitikia "Naam!" kwa nguvu iliyomwamsha mtoto aliyelazwa kwenye mizani. Alikuwa hodari tangu hapo. Taa zilipozimika alizalisha mapacha kwa mwanga wa tochi huku akimtania mama yao. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni paka. Na mji wetu, kama mjuavyo, ni wa paka. Mmoja akiingia wodini, mkunga mkuu utamwona amesimama juu ya kiti.

Lakini kazi kubwa ya Bi Rawiya ilikuwa kupigana na neno moja, nalo ni neno "afya". Kwetu, ukimwambia mtu "una afya, mashallah", aghlabu unamaanisha amenona. Na mwanamke aliyenona, tena ana mimba, tunamwona ni neema inayotembea. Nani atafikiri kumchoma kidole mtu wa namna hiyo ili atazame damu yake? Hata kituoni tulikuwa hivyo hivyo. Vipimo vilikuwa haba, tukavitumia kwa waliokonda na waliopauka. Mnene alipanda mizani, akasifiwa, akarudi kwake.

Hapa pana jambo nililowekewa amana kwa miaka mingi, na sikupenda kuondoka nalo duniani. Mwezi uliopita Bi Rawiya alikuja kunitazama, nikamwomba ruhusa ya kulisema.

Akasema, "Andika, Daktari. Lakini uandike na kwamba nilikuwa mkunga wakati ule. Watu wasije wakadhani nilikuwa sijui."

Basi naandika. Katika mimba yake ya tatu Bi Rawiya alikuwa mnene kuliko wakati wowote. Kila aliyemwona alimsifu. Yeye akihema akipanda ngazi za nyumba yao, alisema ni uzito. Akitafuna barafu asubuhi mpaka jioni, mpaka watoto wake wakakosa maji ya baridi, alisema ni hamu ya mimba. Aliwapima damu wanawake wa watu, yake hakuipima. Siku ya kujifungua alitokwa na damu ambayo mwenye akiba nzuri angeihimili. Yeye hakuwa na akiba. Tulihangaika naye mpaka ndugu zake wakaja kumtolea damu, na Mungu akatuachia.

Mtoto, Anwar, alizaliwa na kilo za kutosha, mashavu tele. Naye akaambiwa ana afya. Miezi ikapita, akawa hachezi, hanyonyi kwa nguvu, wenziwe wanakaa na yeye analala tu. Alipopimwa, madini ya chuma mwilini mwake yalikuwa machache mno. Alitibiwa, akainuka, na leo ni fundi umeme katika hoteli moja kule Kiwengwa. Lakini skuli alipata taabu sana na kusoma. Mama yake aliniuliza mara moja tu kama ile miezi ndiyo sababu. Nilimjibu kwamba hakuna mtu awezaye kumwambia ndiyo wala hapana. Hakuniuliza tena. Alirudi kazini.

Sayansi ya jambo hili si ngumu. Mjamzito huhitaji chuma kingi, cha kutengenezea damu yake na cha kumpa mtoto akae nacho miezi ya mwanzo. Unene uliozidi huweza kuuweka mwili katika uvimbe wa chini kwa chini, usioonekana wala kuuma. Hali hiyo huufanya mwili ukifungie chuma ndani na kukizuia kinachotoka kwenye chakula. Kwa hiyo mama aweza kuwa mkubwa wa umbo na akiba yake tupu, na mtoto akazaliwa mnono huku amekuja na akiba pungufu. Hata hamu ya kutafuna barafu huweza kuwa dalili ya upungufu huo. Si kila mnene yuko hivyo. Kwa macho, hata hivyo, huwezi kumjua aliye hivyo na asiye hivyo.

Anwar alipoinuka, Bi Rawiya aliweka amri mbili bila ya kuniuliza mimi niliyekuwa mkubwa wake. Ya kwanza, kila mjamzito apimwe damu, kwa umbo lolote. Ya pili, atakayesema "ana afya" ndani ya chumba cha wajawazito ataosha vikombe vya chai vya kituo kizima. Nimeosha vikombe vingi. Daktari msimamizi, mikono imejaa povu, na wahudumu mlangoni wakinicheka.

Ugumu ulikuwa kwa mama wakwe. Waliokuwepo hawatamsahau Bi Masuma, mwenye duka la vitambaa, aliyemleta mke wa mwanawe, Shahida, binti mnene, mtulivu, aliyekuwa na kikombe cha barafu mkononi. Bi Rawiya alipokiona kikombe kile alikwenda moja kwa moja kuchukua sindano.

Bi Masuma akasimama katikati. "Unamtoa damu ya nini? Mtoto kanona, mashallah, hamumwoni? Au ndiyo kijicho hicho?"

"Bi Masuma," akasema Bi Rawiya, "dukani kwako kitambaa unakikata kwa macho?"

"Astaghfirullahi! Nnapima kwa wari."

"Na mie nnapima. Kaa kitako."

"Na ukikuta damu imejaa tele?"

"Ntakuja kudeki duka lako."

Ukumbi mzima ulicheka, na Shahida mwenyewe ndiye aliyenyoosha kidole. Damu yake ilikuwa chini sana. Bi Rawiya alimpa vidonge vya chuma, akamwelekeza avimeze kwa maji ya ndimu, na chai ya rangi, inayozuia chuma, aiweke mbali na chakula. Akamwambia pia, kwa upole ambao wenye sauti kubwa hawategemewi kuwa nao, "Mwanangu, sikugombezi kwa mwili wako. Mie na wewe ni wamoja. Nnataka tu kujua kilichomo ndani." Shahida alipojifungua, Bi Rawiya hakuharakisha kukata kitovu. Alingoja kiache kudunda, ili mtoto apate damu yake yote iliyokuwa bado njiani. Mama na mtoto walitoka salama. Tangu hapo Bi Masuma akawa anatuletea wateja wake: "Mpimeni huyu, mkubwa kuliko wetu."

Mwezi huu wa mwisho ulimkuta Bi Rawiya na mtihani ambao hakuutarajia. Vifaa vya kupimia damu vilipungua, na kikao kikaitishwa. Likatolewa pendekezo kwamba, mpaka vingine vije, wapimwe wanaoonekana dhaifu tu. Lilitolewa kwa nia njema. Ndilo neno lile lile tulilokuwa tukilisema sisi zamani. Bi Rawiya alikuwa amebakisha siku chache, na angeweza kunyamaza akaenda zake. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa pale mezani, na walioipendekeza ifutwe hawakujua kwamba wanaifuta.

Nimehadithiwa na waliokuwepo. Alisimama, akawaeleza habari ya mimba yake ya tatu na ya Anwar, yote, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Alipomaliza hakuomba kitu. Alikaa.

Aliyeinuka ni Maisara, mkunga kijana atakayeshika nafasi yake, ambaye siku zote tulimjua kwa haya. "Basi kwa pendekezo hili," alisema, "Bi Rawiya tungemwacha. Tungemtazama, tukamsifu, tukamrudisha nyumbani akafe. Mie siwezi. Kesho ntakwenda kuazima vifaa Bububu, na visipotosha ntakwenda mbele. Nani anakwenda na mimi?" Mikono ikanyooka. Pendekezo likaondolewa, na vifaa vikapatikana vya kutosha mpaka shehena mpya.

Bi Rawiya, kituo kinakushukuru kwa wanawake uliowashika mkono na kwa watoto uliowangojea bila pupa. Kinakushukuru pia kwa kusema mbele ya watu jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulizika. Mimi nakushukuru kwa kunivumilia. Tunakuombea siku za raha kwa wanao na wajukuu, usingizi usiokatizwa na hodi za wajawazito, na nyumba isiyoingiwa na paka.

Jumatatu asubuhi wewe hutakuwepo. Mjamzito wa kwanza ataingia, atapanda mizani, na kabla mtu hajasema lolote juu ya umbo lake, Maisara atamwomba kidole.