Shani Naye Amefiwa

Mgeni rasmi, Bi Kalpana Solanki, ofisa ustawi wa jamii na mwanzilishi wa kikundi cha wahudumu wa jamii kutoka Asia Kusini hapa Doha, wageni mliofuatana naye, walezi wenzetu:

UKARIBISHO
Karibuni sana mtaani kwetu, Al Mansoura. Tulibishana nani asome risala hii. Mwenzetu Tatu alisema, "Mimi nikimtazama tu Bi Kalpana nitalia." Basi nimetumwa mimi, Akinyi, kwa niaba ya walezi kumi na mmoja kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, tunaotunza wazee, wagonjwa na watoto wenye ulemavu, majumbani na vituoni.

HISTORIA
Mwaka jana Shani, aliyeketi mstari wa mbele, alifiwa na bibi kizee ambaye Shani aliajiriwa kumtunza kwa miaka sita. Alimwogesha, alimlisha, alimsaidia kutawadha. Nyumba nzima ilipewa pole. Yeye alipewa kazi ya kufungasha nguo za marehemu. Akaacha kula. Tukimsihi aongee, anajibu, "Niseme nini? Mimi ni mfanyakazi tu."

Bishnu, mhudumu mwenzangu kituoni, anayetoka Nepal, ndiye aliyeniambia nimlete kwenye kikao cha Ijumaa cha kikundi chenu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Tuliingia tukakuta Kihindi, Kinepali na Kisinhala, tukataka kugeuka turudi. Ndipo wewe, Bi Kalpana, uliyevaa sari, ukasema kwa Kiswahili cha Tanga ulikozaliwa: "Pole, mwanangu. Huyo bibi ulikuwa ukimwitaje?"

"Mama Kubwa," Shani akajibu, na machozi yakaja.

Alizungumza saa nzima. Watu wapatao ishirini, wasiojua hata neno moja la lugha yetu, walimsikiliza bila mtu kugusa simu. Mpaka leo hatujui tukiiteje kile tulichokiona.

MAFANIKIO
Wiki iliyofuata wewe na akina mama watatu mlimsindikiza hadi kwa binti wa marehemu. Ukamweleza kwa Kiarabu kwamba mmekuja kumpa pole Shani.  Yule binti akamshika Shani mkono, akamketisha kwenye kochi, ubavuni pake. "Nisamehe," alisema. "Sikufikiri kwamba na wewe umefiwa."

Sisi wa ugenini hatukuwahi kusikia jambo kama hilo. Shani sasa anakula, anacheka, na anamtunza mzee mwingine. Kikundi chetu kilianza wiki ile ile.

CHANGAMOTO
Baadhi yetu hawapewi ruhusa ya kutoka Ijumaa. Pia hatujui kusikiliza kama nyinyi. Mtu akilia tu, tunakimbilia kumnyamazisha.

MAOMBI
Tunaomba mtufundishie wawili wetu, Tatu na Harun, namna ya kusikiliza. Tunaomba mtusemee kwa waajiri, Ijumaa yetu iheshimiwe.

Ombi la tatu tumeliongeza kwa kalamu asubuhi hii. Bishnu ametuambia kwamba mwezi uliopita alifariki mtoto uliyemhudumia tangu akiwa mchanga, na Ijumaa ile ulikuja kikaoni, ukamimina chai, ukawasikiliza wengine, ukaondoka. Bi Kalpana, hotuba yako tunaomba isubiri. Keti nasi, utusimulie habari za huyo mtoto. Hakuna mwenye haraka hapa.

Mungu akufariji, kila mmoja wetu akimwomba kwa imani yake.

Ni sisi,
Walezi Wazungumzao Kiswahili, Doha